Muhuri Uliotangulia Maneno

Kabula mwanangu,

Umetoka kwenda Mkolani kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua, hatakuachia kabla hujala, na ukishakula atakumbuka kwamba hajakuonyesha vitambaa alivyonunua. Kwa hiyo mchana huu nina saa tatu nzuri, pengine nne. Baba yako yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba za kufungia ng'ombe. Nimemwambia unakwenda kazini, huendi mnadani, akaongeza fundo. Mimi nimekaa kwenye cherehani lakini sishoni.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji na kulala kwenye chandarua. Hayo shangazi yako anakueleza hivi sasa, na akisahau moja atakupigia simu ukiwa ndani ya basi. Mimi nina jambo moja tu ambalo hujawahi kulisikia, na ukiondoka bila kulijua nitakuwa nimekudanganya.

Kabla hujaendelea, tazama chini ya ukurasa. Utaona muhuri wa bluu, wa duara, wa mtaa wetu, wenye cheo changu cha zamani. Kila karatasi ya barua hii inao. Usidhani mama yako amerudi madarakani kimyakimya. Nitakueleza muhuri huo ulifikaje hapo, maana habari yenyewe ndiyo hiyo.

Jumapili iliyopita, watu wakiwa wameshiba, ulisimama na soda yako mkononi ukasema unakwenda kuwa mtendaji wa kijiji kwa sababu yangu. Ulisema, "Mama yangu alisimama peke yake mbele ya wakubwa akawatetea wanawake wanaouza dagaa mwaloni. Nataka kuwa kama yeye." Wageni wakapiga vigelegele. Mama Sayi alikuwa amekaa karibu na jiko, akanitazama, akatabasamu, akaendelea kupuliza chai yake. Mimi nikainama kwenye sahani, machozi yakanitoka, nawe ukaja ukanikumbatia ukidhani ni furaha. Ilikuwa aibu, mwanangu. Nilikuwa naona aibu mbele ya wageni sitini wanaonishangilia.

Ulichosimuliwa ni kweli, ila ni nusu ya pili. Wakati ule ulikuwa bweni Sengerema, kidato cha pili, na ulipokuja likizo mambo yalikuwa yamekwisha na watu wameanza kunisifu. Nusu ya kwanza wanaijua baba yako na Mama Sayi. Sasa utaijua na wewe.

Nianze na utamu, kwa sababu hakuna atakayekuambia kwamba cheo kina utamu. Watu walinichagua kuwa mwenyekiti wa mtaa kwa kuwa nina mdomo, na kwa kuwa cherehani yangu iko barazani, nikitafutwa naonekana. Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu mzuri, nakuambia bila kujisifu. Mwaka wa pili nikaanza kupenda kusubiriwa. Unakumbuka Mzee Lubango, aliyesimamia mazishi ya bibi yako? Asubuhi moja alipanda ngazi za baraza letu, kofia mkononi, akaniambia, "Shikamoo mwenyekiti." Mzee yule angeweza kunizaa. Nusu alikuwa anatania, na nusu nyingine alikuwa anahitaji barua. Nami, pini zikiwa mdomoni, bila hata kuinua kichwa, nikaitikia, "Marahaba."

Baba yako alisikia akiwa ndani. Alikaa siku mbili akiniamkia shikamoo kila ninapoingia chumbani. Nilimfokea. Nilisema hana adabu, yaani yeye ndiye hana adabu.

Halafu kuna Masanja. Kijana yule alihitaji barua ya utambulisho ili akafuatilie leseni, alikuwa amepata nafasi ya kuendesha lori la mtu. Nikafungua daftari langu, nikaona Jumamosi mbili hakuja kwenye msaragambo wa kuchimba mtaro wa shule. Nikamwambia barua hapati mpaka akachimbe sehemu yake. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Niliitunga mwenyewe, nikaiona nzuri, na watu kadhaa waliipongeza kwa sababu mtaro ulihitajika kweli. Masanja alichimba siku tatu, na alipofika kwa mwenye lori, lori lilishapata mtu. Mtaro uko pale mpaka leo, unapeleka maji vizuri. Kila nikiupita namkumbuka.

Nakueleza hivyo ili uone kwamba muhuri haukunipotosha kwa siku moja. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba mtu akija kwangu, anakuja kuomba. Barua ile ilikuwa haki yake tangu alipozaliwa, kazi yangu ilikuwa kuiandika tu.

Sasa muhuri wenyewe. Nilikuwa nautunza kwenye droo ya cherehani hii, pamoja na chaki na bobini. Watu walikuja kufuata barua saa yoyote, na kila mara niache kushona, nifungue kidau cha wino, nipige, nifute vidole. Siku moja wino ulidondokea gauni jeupe la komunio ya mtoto wa mteja. Nililifua mara tano halikutoka, nikanunua kitambaa kipya nikashona upya. Nikaapa haitatokea tena. Kuanzia hapo, kila Jumapili nikitoka kanisani nilichukua karatasi ishirini tupu, nikazipiga muhuri chini, nikaziacha zikauke mezani kama vitambaa, nikazirudisha kwenye droo. Mtu akija, nachukua moja, naandika juu yake kwa mkono, nampa. Kazi ya dakika tatu. Nilijiona nina akili kuliko wenyeviti wote wa Nyamagana.

Mtendaji wetu wa wakati ule aliusifu sana utaratibu huo. Jina lake sitalitaja, ana watoto. Alikuwa kijana mpole, nguo zake safi, ananiita mama. Akaniambia, "Mama, ukisafiri kwenda kuchukua vitambaa watu wananisumbua ofisini. Niachie chache za akiba." Nikampa tano. Nilimpa kama mtu anavyompa jirani chumvi.

Ule ndio mwaka ambao bei zilipanda mpaka watu wakaacha kuuliza. Mama mmoja aliingia dukani akaambiwa bei ya mafuta ya kula, akaangalia chupa yake, akatoka nayo tupu. Petroli ilipanda, mitumbwi mingine ikafungwa ufukweni siku za kazi. Pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, dagaa waliuzwa kwa wachuuzi wa kutoka mbali, wengine wa Kongo. Wiki hii wanagombea, ndoo inapanda, wiki inayofuata hawaonekani hata mmoja kwa sababu dola imefanya vituko huko wanakokwenda. Wanawake wanaoanika dagaa kwenye vichanja hawakujua kesho watakula nini. Kwenye mkutano mmoja mimi mwenyewe nilisimama nikasema kwa sauti, "Serikali iingilie kati! Hii bei ishikwe!" Nikapigiwa makofi. Kwa hiyo usije ukafikiri amri ile ilianguka kutoka mawinguni. Tuliiita kwa midomo yetu, tukiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hasomi masharti.

Amri ikaja kutoka kwa wakubwa. Dagaa wote wa mwalo wetu wauzwe kwa mnunuzi mmoja mwenye kibali, kwa bei itakayotangazwa, na mtu asitoe gunia nje ya mtaa bila karatasi ya mnunuzi huyo. Tukaambiwa ni kutulinda na kuyumba kwa bei. Mwezi wa kwanza watu walishukuru. Mwezi wa pili unga ulipanda na bei ya dagaa ikabaki pale pale, maana aliyeitangaza hakuwa na haraka. Ukilalamika kwa mnunuzi anakuambia, nenda kamuuzie mwingine, naye anajua mwingine hayupo. Wakaweka kizuizi barabarani, gogo na mgambo wawili. Suruali za mgambo wale nilizishona mimi. Nilipewa kazi ile na ofisi nikafurahi sana.

Mama Sayi hakukubaliana na jambo lile tangu siku ya kwanza. Mama yule, tangu mumewe afariki, aliishi kwa vichanja vyake sita na akili zake. Nilikuwa namcheka. Hakuweka kitu chake mahali pamoja hata siku moja. Magunia kadhaa ya dagaa wakavu stoo, mbuzi kwa kaka yake Magu, akiba kidogo kwenye kikundi cha akina mama, na kamba za nyavu anazosuka mwenyewe jioni. Nikamwambia, "Mama Sayi, wewe unajitayarisha kwa vita gani?" Akasema, "Mwenyekiti, bei ikiyumba huku nasimama kule. Wakiniambia nisimame mguu mmoja, nitaanguka."

Alipakia magunia matatu kwenye guta apeleke stendi ya Nyegezi, yaende kwa mteja wake wa miaka yote Kahama. Pale kizuizini wakamshusha. Nilikuwa napita nikitoka sokoni. Nilimwona mgambo amebeba gunia begani, na pindo la suruali yake, lile pindo langu la mishono miwili, likipanda na kushuka anapotembea. Nikajifanya naangalia simu. Magunia yakawekwa nje ya ofisi, mvua za masika zikayanyeshea, harufu ikafika mpaka hapa barazani. Kila nilipofungua mlango asubuhi niliinusa.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Mama Sayi akasimama mbele ya watu na nakala ya karatasi ambayo hata mimi sikuwahi kuiona. Ilisema kwamba wakazi wa mtaa wetu, katika kikao halali, wameridhia kwa kauli moja dagaa wote wauzwe kwa mnunuzi mmoja. Akainyoosha kwangu. "Mwenyekiti, mimi naishi hapa. Nionyeshe tarehe tuliyokaa kikao hiki. Na huu muhuri ni wa nani?"

Niliitazama karatasi ile nikaelewa palepale. Muhuri ulikuwa umekaa chini upande wa kulia, umeinama kidogo, kama ninavyoupiga mimi Jumapili nikiwa na haraka ya kupika. Mwandiko ulikuwa wa kompyuta, umebanwa ili uishie juu ya muhuri bila kuugusa. Ilikuwa mojawapo ya zile tano. Mtendaji alikuwa ameketi kando yangu, akaninong'oneza, "Mama, ukiukana muhuri wako, kosa ni lako." Na kweli lilikuwa langu.

Nikasimama. Nikasema, "Muhuri ni wangu." Nikakaa.

Maneno matatu, Kabula. Sikusema uongo hata mmoja. Mama Sayi akaikunja ile karatasi mara nne, akarudi kukaa. Watu wakatawanyika wakiamini kwamba niliwauza. Usiku ule hapakuwa na ugomvi nyumbani, baba yako aliuliza tu, "Ulikaa kikao hicho?" nikasema sikukaa. Akasema, "Basi unajua la kufanya." Nilijua. Nikakaa miezi mitano bila kulifanya.

Ninataka uielewe miezi ile mitano, kuliko siku ile ya ushujaa uliyosimuliwa. Sikuwa mtu mbaya. Nilishona, nilisali, nilitatua kesi za kuku na mipaka. Kila siku nilikuwa na sababu. Mara nikasema nangoja uchaguzi, mara nikasema nikifungwa nani atalipa ada yako, mara nikasema pengine bei itapanda na watu watasahau. Wanawake wawili wa vichanja walihama, mmoja akaenda kuuza uji mgodini Geita. Wakati wanahama waliniaga kwa heshima. Hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi, kwamba watu walionyang'anywa riziki yao bado walikuwa wananiamkia.

Kisha Mama Sayi akaja, anataka barua ya utambulisho. Anahamia Ukerewe kwa dada yake. Barua ya kuhama mtaa ilibidi niiandike mimi, hakuwa na njia nyingine. Alisimama hapo hapo ambapo ulisimama asubuhi ukipima blauzi. Nikafungua droo, nikachukua karatasi, nikaanza kuandika jina lake.

Akasema, "Ngoja."

Nikanyanyua macho. Alikuwa anaangalia mkono wangu.

"Mwenyekiti, hiyo karatasi mbona imeshapigwa muhuri? Hujaandika kitu bado."

Nikaufunika kwa kiganja. Akasogea, akavuta droo kwa mikono yake mwenyewe, akaona rundo lote, nyeupe tupu, bluu chini. Alizishika kona kwa kidole gumba kama anayekagua noti. Nilimwona anaelewa. Ilimchukua muda mfupi sana, maana ni mtu mwenye akili kuliko mimi.

"Kumbe siyo wewe uliyeandika ile."

"Siyo mimi."

"Na ulijua siku ile ile."

"Nilijua."

Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alivuta kiti cha wateja akakaa. Akasema taratibu, "Mimi nilidhani umekula na wale. Nikasema haya, amekula, binadamu anakula. Kumbe hukula hata kidogo! Uliniacha nioze na dagaa zangu bure." Halafu akanisogezea karatasi nyingine kutoka kwenye begi lake, safi, isiyo na kitu. "Niandikie barua yangu hapa. Uandike kwanza, nisome, halafu ndiyo upige huo muhuri wako. Nataka kuona."

Nikaandika. Herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akasoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Akasema, "Piga sasa." Nikapiga. Alipoinuka kuondoka nilisimama, nikapiga goti kama tulivyofundishwa na mama zetu, nikamwambia, "Shikamoo, Mama Sayi." Miaka minne yule mama, aliyenizidi umri na kila kitu, ndiye aliyekuwa ananiita kwa cheo na mimi naitikia. Akanitazama akasema, "Marahaba, mwanangu. Jumamosi kuna mkutano. Nitachelewesha safari mpaka Jumatatu."

Sasa tumefika kwenye ile nusu unayoijua. Kwamba Jumamosi ile wakubwa walikuwepo, na mnunuzi alikuwepo na gari lake, na nilisimama na rundo la karatasi tupu zenye muhuri nikazionyesha mkutano mzima. Nilisema, "Kikao hakikukaa. Nilitoa karatasi tupu tano kwa ofisi, na moja ndiyo hii mnayoambiwa ni ridhaa yenu. Nilinyamaza kwa miezi mitano na hiyo ni dhambi yangu." Wanasimulia kwamba sauti yangu ilikuwa kama ya simba. Waongo. Sauti ilikatika mara mbili na Mama Sayi akaniletea maji.

Nilihojiwa siku tatu mfululizo, nikanyang'anywa muhuri, nikatakiwa kujiuzulu nikajiuzulu, na palikuwa na wiki ambayo baba yako alikuwa ameshaniwekea nguo za kwenda nazo rumande. Halafu mwanasheria wa ofisi ya juu, mama mmoja mfupi mwenye miwani, aliuliza swali moja tu. Muhtasari wa kikao uko wapi, na orodha ya waliohudhuria iko wapi? Havikuwepo. Akasema ridhaa isiyo na watu siyo ridhaa. Makubaliano yakafutwa, gogo likaondolewa barabarani, na wiki ile ile wanawake wakaanza kuuza kwa wanayemtaka. Magunia ya Mama Sayi hayakulipwa. Bei ziliendelea kuyumba, mpaka leo zinayumba, lakini sasa kila mmoja anayumba kwa miguu yake, na wanajua kusimama. Angalia vichanja vilivyopo pale leo ulinganishe na ulivyoviacha ulipokwenda bweni.

Sasa sikia kwa nini nakuandikia wewe, leo. Ulisema unataka kuwa kama mimi. Lakini kesho huendi kukaa kwenye kiti changu. Unakwenda kukaa kwenye kiti cha yule kijana mpole. Nimemfikiria sana. Nilikutana naye miaka michache baadaye Nyegezi stendi, anasubiri basi, tukanunuliana soda. Akaniambia, "Mama, walitaka taarifa ifike Ijumaa. Ilikuwa Alhamisi jioni, mvua inanyesha, nikasema hawa watu kikao kikiitishwa watakubali tu, bei zinawaumiza, ni kwa faida yao." Mwanangu, nilimwamini. Hakuna aliyekaa mezani akasema tuwanyang'anye watu uhuru wao. Palikuwa na Alhamisi, mvua, na mtu aliyedhani anajua jibu la watu kabla hajawauliza. Na nyuma yake palikuwa na mimi, niliyempa karatasi ya kuandikia.

Alhamisi kama hiyo itakufikia. Watakupigia simu, watakuambia kijiji kizima kimesharidhia, andika tu. Sikufundishi kuichukia serikali, maana wewe ndiye utakuwa serikali pale, na kesho utavuka Busisi kwa dakika chache juu ya daraja ambalo mimi na baba yako tulilisubiri miaka yote tukipanga foleni ya kivuko na jua linatuchoma. Serikali ilijenga kitu kile na nina furaha nalo. Lakini daraja halimwambii mtu aende wapi. Anavuka, anajua mwenyewe anakokwenda na gunia lake. Ukikaa ofisini ujiulize hivyo, hili ninalolifanya linawavusha watu au linawashusha mizigo?

Na mtu akija na kofia mkononi akakuamkia shikamoo naye ni mkubwa kwako, simama. Umuamkie wewe. Ukishindwa hilo siku moja, kesho yake ujue umeanza.

Jana ulilalamika kuhusu ile cherehani ndogo ya mkono niliyokufungia. Ulisema, "Mama, mimi ni mtumishi, nitashona saa ngapi?" Nikakuambia ni ya kurekebisha nguo zako. Hiyo nayo haikuwa kweli yote. Siku nilipokuwa nakwenda kusimama Jumamosi ile, nilihesabu nitapoteza nini. Kiti, posho, kazi ya sare za mgambo. Halafu nikaitazama cherehani hii, nikaona hakuna ofisi inayoweza kuifuta. Nikapumua. Mshahara ni kitu kizuri na nakuombea upande, lakini mtu ambaye hana kitu kingine duniani isipokuwa mshahara, siku ya kusema hapana ulimi wake unakuwa mzito. Iweke mahali unapoiona. Shonea watu mapindo jioni, hata kama hayana faida kubwa. Siku ikifika, utajua una mahali pa kusimama.

Mama Sayi amepita hapa saa hizi nikiandika. Hajahama mpaka leo, unajua, Jumatatu ile ilipita na nyingine na nyingine. Ameleta dagaa wa safari, kilo mbili, wamekaangwa vizuri hawatanuka kwenye basi. Ameuliza naandika nini kirefu hivyo. Nikamwambia, namweleza Kabula. Akauliza, "Yote?" Nikasema yote. Akacheka, akasema, "Haya, usinifanye mimi mzee sana." Kwa hiyo nikuambie, hakuwa mzee sana.

Nimebakiza habari ya karatasi hizi. Walipochukua muhuri hawakuulizia zilizobaki. Rundo lile nililoonyesha mkutanoni walilichukua kama ushahidi, lakini nyuma ya droo zilikuwa zimeteleza nyingine nane, nilizikuta mwaka juzi nilipofungua cherehani kutia oili. Baba yako alisema nizichome. Nilikuwa na kiberiti mkononi, nikashindwa. Nikasema zina deni la maneno, zilingoja maneno miaka yote hiyo, maana zote zilipigwa muhuri kabla neno lolote halijaandikwa.

Leo nimeziandika zote. Nimeanza kila ukurasa juu kabisa, nimebana mwandiko, nimepita pembeni mwa muhuri na chini yake, mpaka ukingoni, kama unavyoona. Ukishamaliza kusoma, zigeuze uangalie na nyuma. Nako nimepiga mistari kwa kalamu, kona mpaka kona. Hakuna aliyebakiwa na nafasi ya kuandika kitu kingine chochote kwa jina langu.

Muhuri wako watakukabidhi Jumatatu. Uanze kuandika, wenyewe wasome, halafu ndiyo upige.

Nasikia sauti yako getini, na ya shangazi yako nyuma, amekusindikiza mpaka hapa bado anaongea. Naikunja.

Mama yako, anayeandika jina lake kwa mkono,
Minza